Ekseli Iliyogoma Kutoka

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kati ya shafti na habu yake kuna uwazi mwembamba usiopitisha hata karatasi. Maji yakiingia humo yakiwa na chumvi, chuma huanza kulika, na unga wake mwekundu huvimba pasipo na pa kuvimbia. Miaka ikipita, vyuma viwili vilivyotengenezwa ili vitenganishwe vinakuwa kimoja. Fundi anafungua nati, anavuta, hakuna kinachotikisika. Anagonga, nyundo inamrudia.

Historia ya magari Afrika Mashariki huandikwa zaidi kwa barabara, madaraja na mashindano. Kuna upande wake mwingine ambao haukupata waandishi wengi, nao ni jinsi watu wasio na vifaa vya kampuni walivyojifunza kukichomoa chuma kilichogoma, na kukichomoa kikiwa kizima. Ugumu wote uko hapo kwenye uzima wake. Mahali penye duka la spea, shafti iliyoganda hukatwa, mpya ikafungwa, watu wakaenda zao. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 huku kwetu, shafti iliyotolewa asubuhi ndiyo hiyohiyo iliyotakiwa kurudi jioni.

Mwanzo wa kisa hiki uko kwenye Ford T. Gari hili lilitengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, na lilikuwa miongoni mwa magari ambayo jeshi la Uingereza lilitumia huku wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, likimkimbiza kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, porini. Gurudumu lake la nyuma halikushikwa kama la leo. Ncha ya ekseli ilichongwa ikiwa nyembamba kuelekea nje, habu ikatobolewa kwa umbo lilelile, kipande kidogo cha chuma wanachokiita kii kikawekwa kati yake ili visizungukiane, kisha nati moja ikabana vyote. Ufungaji wa namna hii una tabia moja mbaya: hata pasipo kutu, habu hushika kiasi kwamba mikono ya mtu haiwezi kuing'oa.

Tiba ya kiwandani ilikuwa pula, yaani kikombe cha chuma kilichoingia kwenye nyuzi za nje za habu, chenye bolti katikati ya kusukuma ncha ya ekseli. Asiye na pula alikuwa na mbinu iliyojulikana kila mahali Ford ilikofika. Alilegeza nati mizunguko michache bila kuitoa kabisa, akapanda gari, akaliendesha polepole uwanjani akikata kona kushoto na kulia, mpaka uzito wa gari wenyewe uitikise habu iachie. Wengine walifunga kofia nzito ya chuma kwenye ncha ya ekseli na kuitwanga nyundo. Habu ilitoka upesi, ila mshindo ulisafiri ndani ya ekseli hadi kwenye difu na kuziumiza beringi na washa zake, na mwenye gari aligundua hasara baada ya wiki kadhaa, wakati fundi hayupo tena wa kulaumiwa.

Nani basi alikuwa na pula? Karakana zenye paa. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na pamoja nao walikuja vibarua na mafundi kutoka India waliozidi 30,000. Wengi walirudi kwao, baadhi wakabaki. Nairobi ikawa na karakana kubwa za reli, na baadaye gereji za Wahindi zikaota mjini, zenye presi, mashine za kukereza chuma na seti kamili za spana. Kijana Mwafrika aliingia humo kama mfagiaji au mshika taa. Alitoka miaka mingi baadaye akiwa na kazi yote kichwani, huku vifaa vikibaki ukutani kwa tajiri. Kenneth King wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliifuatilia safari hiyo ya ujuzi, kutoka karakana za Wahindi hadi kwa mafundi wa Kiafrika wa Nairobi, katika kitabu chake cha 1977, The African Artisan.

Barabarani ilikuwa shule nyingine, na pengine kali zaidi.

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru huko Rhodesia. Zambia, ambayo mafuta yake yalikuwa yakipitia kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Mafuta yakaanza kupitia Dar es Salaam kwa malori, juu ya barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, karibu kilomita 2,000 hadi Copperbelt. Njia hiyo ikapata jina la Kiingereza la Hell Run, na waliofika salama hawakuona kuwa jina limetiwa chumvi. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, iliyokuja na malori ya Fiat kutoka Italia. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha reli ya TAZARA. Kabla ya hayo yote, mzigo ulikaa mgongoni mwa ekseli, na ekseli zilivunjika.

Lori likikatika shafti mlimani, gereji ya karibu inaweza kuwa mwendo wa siku nzima. Dereva anakaa na utingo wake, yule ambaye Kenya wanamwita tandiboi, kijana ambaye kazi yake ni kuweka kigingi nyuma ya gurudumu, kufunga turubai na kuingia chini ya gari pale mwenye suruali safi asipotaka. Bahati yao ni kwamba lori kubwa lina ekseli ya namna tofauti na Ford T. Uzito wa gari unabebwa na ganda la nje, na shafti iliyo ndani kazi yake ni kuzungusha tu. Kwa hiyo inaweza kuvutwa nje huku gurudumu limesimama chini na mzigo uko juu, bila jeki.

Inaweza, kama imekubali. Mwisho wa shafti hiyo kuna sahani nene iliyofungwa kwenye habu kwa duara la nati, na katika malori mengi, kama baadaye katika Land Cruiser, chini ya kila nati kuna koni ndogo ya chuma yenye mpasuko ubavuni. Koni hizo ndizo zinazoganda. Mgeni wa kazi hufungua nati zote, huona sahani haichezi, akachukua patasi na kuanza kuikwangua kingo mpaka inapinda na oili inaanza kuvuja. Mzoefu hulegeza nati na kuziacha zimeshika nyuzi chache, hutia mafuta ya taa, hupumzika, kisha huchukua nyundo ya shaba nyeusi au huweka kipande cha shaba katikati ya sahani na kupiga pigo moja zito. Halafu jingine. Kuta za koni huachia kwa mshtuko, nazo hurukaruka kama bisi kikaangoni. Zile nati zilizoachwa kwenye nyuzi kazi yake ni hiyo, kuzizuia zisipotelee majanini. Baada ya hapo bolti mbili hukazwa kwenye matundu yenye nyuzi yaliyomo kwenye sahani, nazo huisukuma shafti nje bila ugomvi. Kama shafti ilikatikia ndani, kipande kilichobaki kwenye difu huvuliwa kwa kitanzi cha waya, kazi inayoweza kula mchana mzima na ambayo hakuna mtu anayeifanya huku akiimba.

Nyundo imesingiziwa mengi. Vitabu vya kampuni huitaja kwa woga, na wenye magari wakiisikia kutoka uani hushika vichwa. Lakini pigo zito la chuma laini mahali panapostahili huvunja kutu bila kuumiza kitu, kwa sababu kutu ni kavu na haina unyumbufu. Linaloharibu ni pigo la hasira, chuma kigumu juu ya chuma kigumu, kwenye ncha ya shafti iliyo uchi. Ncha hupanuka, nyuzi hufa, na shafti iliyokuwa imeganda sasa haiwezi hata kupita kwenye tundu lake. Wakati mwingine kibanzi huruka pia, na jicho la fundi halina spea.

Miaka hiyohiyo gari dogo lililowapa watu wa kawaida somo lao la ekseli lilikuwa Volkswagen, yule kobe. Lilikuwa na jina Afrika Mashariki. Tommy Fjastad alishinda nalo Safari Rally ya 1962. Kufungua breki zake za nyuma kulitaka kwanza kuishinda nati moja ya milimita 36, iliyokazwa kwa nguvu inayolingana na kilo 30 zinazoning'inia mwisho wa mkono wa mita moja. Spana ya kawaida hupinda. Mwaka 1969 Mmarekani John Muir alichapisha mwongozo wa kumwezesha mtu asiye fundi kulitengeneza gari hilo mwenyewe, How to Keep Your Volkswagen Alive, na kitabu kikasambaa sana kati ya vijana wasio na fedha za gereji. Hesabu yenyewe haihitaji chuo: mtu wa kilo 60 akisimama juu ya bomba lililochomekwa kwenye mpini wa spana, nusu mita kutoka kwenye nati, anatoa kilo 30 hizo barabara. Mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi waliifanya kwa kukisia. Walitafuta bomba refu, wakamwita kijana mzito, na waliacha gurudumu chini na breki ya mkono juu, maana gari lililoinuliwa kwa jeki halitakiwi kurukiwarukiwa.

Safari Rally yenyewe iliwafundisha wengi kwamba gari ni kitu cha kufunguliwa na kufungwa upesi. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari 7 tu yalifika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Peugeot 404. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo na baadaye mara mbili kwa Mitsubishi Lancer, alikuwa fundi makanika kabla hajawa dereva mashuhuri.

Kisha spea zikaadimika. Tanzania ilipigwa na bei ya mafuta ya mwaka 1973, ikapigwa tena mwaka 1979, na katikati ikapigana vita na Idi Amin. Fedha za kigeni zikakauka. Mwaka 1983 kampeni ya Waziri Mkuu Edward Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi iliwafanya waliokuwa na bidhaa waziogope bidhaa zao wenyewe. Katika hali hiyo, shafti ya Land Rover au Bedford ikawa mali, na aliyeweza kuitoa bila kuiua nyuzi akawa mtu wa kutafutwa. Gereji bubu, zile zisizo na kibao wala leseni, zilikuwa chini ya miembe, kwenye viwanja vya wazi, pembezoni mwa Gerezani na kwingineko Dar es Salaam. Mwanahistoria Joshua Grace amezipa nafasi kubwa katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021. Mtu akisoma sera za miaka ile peke yake anaweza kudhani magari ya Tanzania yalisimama. Mengi hayakusimama, kwa sababu ya watu hao.

Ndiyo maana kanuni zao zilikuwa za kuokoa. Nati haiondolewi yote. Hurudishwa mpaka uso wake ulingane na ncha ya shafti, ili pigo likija nyuzi ziwe zimevaa koti. Kati ya nyundo na chuma huwekwa shaba, risasi, au kipande cha mti mgumu. Mafuta hutiwa jioni ili usiku ufanye kazi ambayo mchana ungeifanya kwa vurugu. Na pale nyuzi zilipokuwa zimeshakufa kwa mkono wa mtu mwingine, ncha ilijazwa kwa kuchomelewa na kukerezwa upya kwenye mashine.

Mafuta gani? Hapo kila kijiwe kina dini yake. Mafuta ya taa ni mepesi, na hupenya pale oili isipofika. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huipaka kwa imani tu, ni nzito mno na hukaa juu. Wapo wanaotumia dizeli, wapo wa breki fluidi, ambayo ikidondokea rangi ya gari huibabua. Kopo la bluu na manjano lenye jina la WD-40, ambalo sasa liko kila duka, lilibuniwa San Diego mwaka 1953 na kampuni ndogo ya Rocket Chemical, kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye makombora ya Atlas. Namba 40 inatokana na jaribio la 40 lililofaulu. Kulegeza vyuma vilivyoganda ilikuja kuwa kazi yake ya pili, na mafundi wengi wanaona kwamba kazi hiyo ya pili inaifanya kwa wastani.

Moto ni jambo jingine, nao umesifiwa kupita kiasi. Hesabu yake ni hii: tundu la milimita 30 kwenye habu ya chuma, likipashwa nyuzijoto 200 juu ya joto la kawaida, hupanuka karibu sehemu 7 za mia za milimita. Ni unene wa unywele. Unywele huo unatosha, lakini kwa muda mfupi tu, kwa sababu joto likishaingia na kwenye shafti, nayo hupanuka, na mtu anarudi alikoanzia akiwa na gari la moto. Fundi anayejua huzungusha mwali kwenye habu pekee, huifunika ncha ya shafti kwa kitambaa kilicholowa, na hapohapo hugonga. Wengine hugusisha mshumaa kwenye mshono wakati chuma kingali cha moto. Nta huyeyuka na kunyonywa ndani, ikabaki huko kama kilainisho. Bei ya moto hulipwa na jirani zake. Grisi ya beringi huungua, sili huyeyuka, na buti la mpira linalofunika kiungo cha shafti, lililokuwa zima, huanza kunuka.

Nairobi nayo ilikuwa na hesabu zake. Grogan Road, iliyopewa jina la Ewart Grogan, mlowezi aliyetembea kutoka Rasi (Cape), Afrika Kusini, hadi Cairo kati ya 1898 na 1900, ilibadilishwa jina ikawa Kirinyaga Road, lakini wenye magari wanaendelea kusema wanaenda Grogan. Kule na Kamukunji, mafundi wa jua kali walijitengenezea walichonyimwa. Kipande cha reli kikawa fuawe. Springi kuukuu za lori zikawa patasi. Bamba nene lililotobolewa matundu matatu, pamoja na bolti ndefu katikati, likawa pula, na lilifanya kazi ileile ya kikombe cha Ford kwa sehemu ndogo ya bei. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limewaona katika ripoti yake ya 1972 kuhusu ajira nchini Kenya. Serikali ilichelewa kidogo. Rais Moi alipowatembelea mwaka 1985 waliahidiwa mapaa ya kuwakinga na jua lililowapa jina.

Wakati mapaa yakijengwa, ekseli yenyewe ilikuwa ikibadilika. Alfred Rzeppa, mhandisi wa Marekani, alikuwa amebuni katika miaka ya 1920 kiungo cha gololi kinachoweza kuzungusha gurudumu huku limekatwa kona. Mini ya Uingereza ilikitumia kuanzia 1959, na mwaka 1983 Corolla ikaanza kuvutwa na magurudumu ya mbele; Starlet ikafuata. Magari hayo yalipoanza kuingia Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yameshatumika Japani, yalikuja na tatizo jipya. Shafti sasa inaingia kwenye habu kwa meno marefu membamba, na meno yana eneo kubwa la kushika kutu kuliko duara laini. Barabara za kaskazini mwa Japani humwagiwa chumvi ili theluji iyeyuke. Gari linaweza kufika Nakuru, mbali kabisa na bahari, likiwa na chumvi ya Hokkaido kwenye habu.

Mbinu za lori hazikuhamia moja kwa moja. Pigo zito lililofaa kwenye sahani ya Fiat linaweza kukisambaratisha kiungo cha ndani cha Corolla, gololi zikatoka mahali pake na buti likapasuka. Ikabidi mkono ujifunze upya: nati ya 30 ilegezwe gurudumu likiwa chini, irudishwe mpaka ilingane na ncha, mapigo yawe mafupi, na mkono wa pili uishikilie shafti isining'inie. Ikikataa, pula ya miguu mitatu. Ikikataa tena, nakoli yote, yaani kipande kinachoshika habu na beringi yake, hufunguliwa kutoka kwenye gari na kubebwa begani.

Bei nayo ilibadili tabia. Biashara ilipofunguliwa, Tanzania kuanzia mwaka 1984 na Kenya katika miaka ya 1990, shafti kutoka kwenye magari yaliyokatwa vipande Japani zilijaa kwenye maduka. Fundi kijana akaanza kugonga kwa uhuru ambao mwalimu wake hakuwahi kuwa nao. Wazee wa kazi hawakufurahi, na kuna sababu: shafti ya mtumba hununuliwa kwa kuangaliwa tu, na mara nyingi iliyotolewa ikiwa nzima ilikuwa bora kuliko iliyokuja kuchukua nafasi yake.

Siku hizi mwenye gari anayejifungulia mwenyewe nyumbani, simu ikiwa imeegemezwa kwenye tairi ikimwonyesha video, huweza kumaliza kila hatua mpaka hiyo ya nakoli. Hapo huipakia kwenye bodaboda na kuipeleka mtaa wa presi. Kule Grogan, kama ilivyo Gerezani, vipo vibanda ambavyo kazi yake kutwa nzima ni mashine moja ya haidroli yenye nguvu ya tani 20 au zaidi. Nakoli huwekwa juu ya vipande viwili vya chuma, mpini husukumwa, sindano ya geji hupanda, na kwa muda hakuna kinachotokea. Kisha mlio mmoja mkavu, na shafti inadondokea kwenye sanduku la mchanga lililowekwa chini ili nyuzi zisiumie. Malipo hufanywa papo hapo, na aliyefuata kwenye foleni anasogeza beringi yake.